GOBORE HALINA RISASI YA PILI: Kampani ya Wazee wa Kibakwe

Najua mmezoea kupita hapa kuchukua ubuyu wa nani kaachana na nani na nani kafuta picha za nani. Leo ubuyu upo, na staa yupo, jina kapuni kama kawaida yetu. Ila staa mwenyewe si mhusika mkuu. Mhusika mkuu ni chuma kirefu kuliko mtoto wa darasa la tatu, kinaitwa gobore, pamoja na wazee wanne wa kwetu Kibakwe wanaokipenda kuliko nyie mnavyopenda simu zenu.

Kwa wasiopajua, Kibakwe ipo wilaya ya Mpwapwa, mkoa wa Dodoma. Ukisikia Dodoma usiwaze tambarare na vumbi tu. Huku kwetu kuna milima, asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta, na Wagogo wanaishi na Wahehe mlango kwa mlango. Kuna mahindi, kuna karanga, na kwa sababu hiyo kuna nguruwe pori, ngedere na nyani wanaojua ratiba ya mavuno kuliko bwana shamba.

Sasa gobore. Ni bunduki ya kizamani inayoshindiliwa kwa mbele, yaani baruti na gololi vyote vinaingilia mdomoni mwa mtutu. Haina magazini. Unashindilia, unapiga mara moja, basi. Ukikosa, umekosa, na mnyama ana muda wa kukuangalia, kukudharau na kuondoka kwa hatua za kawaida. Historia inasema askari wa Ulaya waliofundishwa vizuri, enzi za bunduki za namna hii, walikuwa wanaweza kupiga kama mara tatu kwa dakika moja. Babu yangu mzaa mama anapiga mara moja kwa robo saa, kwa sababu katikati lazima amalize stori.

Wazee wenyewe ni wanne. Babu yangu, ambaye ananiita mume mwenzangu kwa sababu ya bibi. Mzee mmoja wa Kihehe, jirani yake wa miaka yote. Mwalimu mmoja mstaafu anayesahihisha Kiswahili cha watu hata wakiwa wanakimbia nyani. Na wa nne ni bibi mmoja mjane, mdogo wa umbo, ambaye kwa kulenga anawapita wote watatu, na hilo linawauma mpaka leo. Wote wanne wana leseni. Naliweka hili mapema kabla mtu hajaanza kuniuliza: kwa Tanzania gobore ni silaha kamili mbele ya sheria, sawa na bastola ya tajiri wa Masaki. Ukikutwa nalo bila leseni umekwisha.

Kila mwaka mahindi yakishatoka shambani, mwezi wa saba hivi, hawa wanne wanakutana kwenye korongo moja lenye ukuta mrefu wa udongo nyuma yake. Wao wanasema wanakwenda kupima macho. Mwenyekiti wa kijiji anajulishwa siku mbili kabla ili watu wakisikia mlio wasije wakakimbilia milimani. Wanaweka kibuyu kilichopasuka mbele ya ule ukuta, kila mtu anakuja na gobore lake na baruti yake ya kibali chake, na watoto wanakaa nyuma ya mstari uliochorwa kwa fimbo. Mimi nilianza kukaa nyuma ya mstari huo nikiwa na miaka nane. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji. Baadaye nikapandishwa cheo, nikawa mhesabu.

Ngoja niwaeleze inavyokwenda, kwa sababu raha yote imo humo. Babu anasimamisha gobore, kitako chini kwenye udongo, mdomo ukiangalia juu na mbali na uso wake. Anamimina baruti kutoka kwenye kipimo chake, kipande cha pembe kilichong'arishwa na vidole vya miaka mingi. Anaweka kitambaa, anashindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma unaokaa chini ya mtutu. Kisha gololi, kisha anashindilia tena. Mwisho kabisa, akiwa ameshasogea mbele na kila mtu yupo nyuma yake, ndipo anaweka fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha moto. Muda wote huo wenzake wanamsema. Mhehe anamuuliza kama anashindilia bunduki au anatwanga kisamvu. Babu anamjibu kwamba Wahehe walimzoea mkuki kwa sababu mkuki hauhitaji kufikiri. Mgogo na Mhehe wakikaa hapo hakuna anayetoka na heshima yake.

Halafu anavuta nyundo. Kimya. Puuu!

Hapa ndipo pananimaliza. Baruti ya gobore si kama ya bunduki za kwenye muvi. Inatoa moshi mweupe, mzito, wingu zima, unanuka kama kiberiti na yai viza kwa pamoja. Kwa hiyo mpigaji mwenyewe hajui kama kapata au kakosa. Hakuna anayejua. Watu wote wanasimama wanasubiri moshi uondoke, na kama siku hiyo hakuna upepo mtasubiri. Katika zile sekunde kumi au ishirini kila mtu ni bingwa. Mwalimu anasema nimesikia kibuyu kimelia. Bibi anasema alicholia ni mke wako nyumbani. Moshi ukipungua, kibuyu kile pale, kimetulia, hakina hata mkwaruzo. Watu wanakaa chini kwa kucheka.

Na kuna kitu kingine, gobore likikataa. Unavuta, nyundo inagonga, hakuna kitu. Hapo utani wote unakufa papo hapo. Sheria yao ni moja: mdomo wa mtutu unabaki kule kule ulikokuwa unaangalia, hakuna kusogea, hakuna kuchungulia, na mhesabu anahesabu kwa sauti mpaka 60, kwa sababu moto unaweza kuwa umechelewa tu njiani. Mtoto wa miaka 12 anahesabu na wazee wanne wamesimama kama wapo kwenye wimbo wa taifa. Sijui ni wapi pengine mtoto wa kijijini anapewa mamlaka ya namna hiyo. Niliwahi kuhesabu mpaka 41, likalia lenyewe. Mpaka leo nikihesabu hela huwa nasimama kidogo kwenye 41.

Mkimaliza si kwamba watu wanapanda bodaboda na kusepa. Masizi ya baruti yanakula chuma, kwa hiyo gobore lazima lioshwe siku hiyo hiyo kwa maji ya moto, likaushwe, lipakwe mafuta. Moto unawashwa, sufuria la maji linakwenda, na pembeni yake linakwenda la ugali na la mlenda. Kuosha ni saa nzima na zaidi. Kwenye hiyo saa nzima ndipo yanapozungumzwa yale ambayo hayasemwi mahali pengine: mtoto wa fulani aliyepotelea Dar, deni la ushirika, presha inayopanda, shamba ambalo ndugu wanataka kuuza. Nimewahi kusikia watu wakisema wanaume wa Kiafrika hawaongei matatizo yao. Wape bunduki chafu na maji ya moto uone.

Kitu nilichotaka mkishike ni hiki: kwa miaka yote hiyo mimi sijawahi kufyatua hata mara moja. Leseni ina jina la mtu, na mwenye jina ndiye anayepiga. Babu hajawahi kunipa nishike hata kwa selfi. Na bado ile ndiyo raha kubwa kuliko zote nilizowahi kuzipata, na nimeshaingia viwanja vya mjini vyenye taa za kila rangi.

Haya, staa. Jamaa ni wa Bongo Fleva, mnamjua, kwa wakati ule alikuwa amechafukiwa kidogo na skendo na menejimenti yake ilikuwa inatafuta kiki ya kumrudisha kijijini, awe mtu wa watu. Akaletwa Kibakwe mwezi wa tatu, mahindi yakiwa na magunzi yaliyojaa, na watu wa kamera watatu. Wazo lao lilikuwa asimame shambani na gobore begani, moshi nyuma. Wakaambiwa yupo mzee fulani. Wakaja kwa Babu na bahasha.

Babu akapokea shikamoo zao, akawapa viti, akamsikiliza meneja mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani akatoka na leseni yake akamuonyesha yule staa. Akamuuliza, "Mwanangu, jina lako limeandikwa wapi hapa?" Bahasha ikarudi mfukoni. Meneja akajaribu kuongeza, Babu akamwambia jambo kama hilo likimfikisha polisi ile bahasha haitamtoa, na hata ikimtoa yeye atakuwa ameshachoka.

Ila yule kijana alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Babu akamwambia kama anataka kuona gobore, usiku aje dunguni. Kama hamjui dungu ni kile kichanja cha miti kinachojengwa shambani kwa ajili ya kulinda mazao. Kamera zibaki gesti. Sisi tulidhani hatakuja. Alikuja saa tatu usiku na raba nyeupe.

Tukakaa. Kulinda ni kukaa. Hakuna mtandao pale, hakuna taa, na ukiongea sana nguruwe wanajua upo upande gani. Yule staa kwa saa mbili za kwanza alikuwa anatoa simu mfukoni na kuirudisha. Baadaye akaacha. Akaanza kuongea na Babu kwa sauti ndogo, na yale aliyoyaongea hata mkinitekenya siyasemi. Kama saa nane usiku tukasikia mahindi yanavunjika. Babu akalisimamisha gobore, baruti tupu bila gololi, maana kuua mnyamapori nako kuna kibali chake na sisi tulitaka waondoke tu. Mdomo juu. Puuu! Nguruwe wakatawanyika kama vibaka waliosikia king'ora, na staa wetu akawa ameshashuka dunguni bila kutumia ngazi. Raba moja tuliipata asubuhi. Alicheka mpaka akalia, na sina hakika kile kilio chote kilikuwa cha kucheka. Picha hazikupigwa. Menejimenti walinuna. Yeye mpaka leo anampigia Babu simu, na anaanza na mbukwenyi kama mtu aliyezaliwa huku.

Kuna watu wa mjini wakisikia gobore wanaona ni kitu cha washamba. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, halafu inaingia Ugogo, na watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza hongo, maana hongo zamani ilikuwa ushuru wa kupita kabla haijawa ya trafiki. Kwenye mizigo hiyo bunduki za kushindilia na baruti zilikuwa bidhaa kama nguo na shanga. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalisaini makubaliano Brussels ya kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ila bunduki za gumegume na baruti ya kawaida zikaachiwa mlango. Kwa kifupi walitaka tubaki na zile za risasi moja. Gumegume ni lile jiwe linalotoa cheche, ndilo lililokuwa linawasha baruti kabla ya fataki. Na ndiyo, ni neno lile lile mnalotukania: mwanaume gumegume. Bibi yetu mjane kila mwalimu akikosa kibuyu anamkumbusha neno hilo taratibu, kwa Kiswahili sanifu.

Nje huko ni starehe ya watu kabisa. Marekani wana chama cha wapenda bunduki za kushindilia, kimeanzishwa 1933, na uwanja wao mkuu upo kijiji kimoja cha Indiana kinachoitwa Friendship, yaani Urafiki. Sijatunga. Watu wanapiga kambi huko na mahema yao, wanapiga shabaha siku kadhaa, wanauziana pembe za baruti. Na sheria ya serikali kuu ya Marekani ya mwaka 1968 hata haizihesabu zile za kale na nakala zake kama silaha za kawaida. Mimi siombi hilo lije hapa, mtanielewa mbele kwa nini. Kinachonikosha zaidi ni Morocco. Wana mchezo unaitwa Tbourida, uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021. Wapanda farasi wanatoka mstari mmoja, mbio, kila mmoja na bunduki yake ya kushindilia, na mwisho wa mbio wanapiga kwa pamoja. Sifa yao si kulenga. Sifa yao ni milio yote isikike kama mlio mmoja. Akichelewa mmoja wameharibikiwa wote. Niliwaonyesha wazee video hiyo kwenye simu yangu. Wakaiangalia mara tano. Mhehe akasema, sasa sisi wanne tutapata wapi farasi. Babu akasema punda wapo.

Tuje kwenye kilichonifanya niandike. Magobore mengi nchini hii si kama ya hawa wazee. Yanatengenezwa vichochoroni kwa mabomba ya maji, hayana leseni, na yanatumika kwa ujangili na kuteka watu barabarani. Bomba la maji halikutengenezwa kubeba baruti. Kijiji cha jirani yupo baba mmoja anasalimia kwa mkono wa kushoto, hilo linatosha. Ndiyo maana serikali ilitoa msamaha, Septemba 1 hadi Oktoba 31 mwaka 2022, mwenye silaha isiyo halali aisalimishe bila kushtakiwa. Nilifurahi. Mtu anayetaka gobore liwe rahisi kama panga hajakaa na kuhesabu mpaka 60.

Lakini upande wa pili, wazee wenye leseni nao wanaisha. Mwenye leseni akifa, familia haibaki na bunduki kama inavyobaki na redio. Inakwenda polisi, na anayeitaka anaomba kwa jina lake, kuanzia kikao cha kijiji na kupanda mpaka wilaya na mkoa. Bibi yetu ndivyo alivyofanya mume wake alipofariki. Kikao cha kwanza walimcheka, wakamuuliza mwanamke na gobore wapi na wapi. Akawaambia nguruwe wakifika shambani kwake huwa hawamuulizi hivyo. Ilimchukua muda mrefu, alikwenda Mpwapwa na kurudi mara nyingi, ila alipata.

Mwaka huu mwezi wa saba Babu hakupiga. Mikono inatetemeka. Alikaa kwenye kiti nyuma ya mstari, pamoja na watoto, na akawa mhesabu. Jioni wakati wa kuosha akasema analipeleka gobore polisi mwenyewe angali na miguu, hataki liende likifuata jeneza. Hakuna aliyemtania. Mhehe alimimina maji ya moto kwenye mtutu wa Babu, ambao siku hiyo hata haukuwa mchafu, akausugua mpaka mwisho.

Njiani kurudi nyumbani Babu akaniuliza nina miaka mingapi, kama vile hajui. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka mtu awe ametimiza miaka 25. Nimetimiza mwezi wa tano.

Sikulala. Mimi ni mtu wa kublogu, nashinda kwenye simu, mjini nina chumba kimoja na kitanda cha kukunja. Na katika kuomba silaha lazima utoe sababu ya kuihitaji. Sababu yangu ya kweli ni moshi, na yale yanayosemwa pembeni ya sufuria la maji ya moto, na watu watatu ambao mwakani watafika korongoni na kuona pengo. Hiyo si sababu ya kumpelekea ofisa yeyote, na nadhani ni sahihi isiwe sababu. Sababu ya kwenye karatasi ni mahindi na nguruwe, nayo ni kweli, ila inanitaka niwe na shamba na niwe shambani. Mtu anayeishi Dar hawezi kulinda mahindi ya Kibakwe kwa WhatsApp. Kwa hiyo kuomba gobore maana yake ni kurudi. Mama anasema nimechanganyikiwa. Mshkaji wangu mmoja wa mjini anasema natafuta kiki.

Babu amenikatia ekari mbili upande wa dungu lile lile. Barua nimeshaandika, mwalimu ameisahihisha mara tatu na bado anasema koma zangu ni za mjini. Kikao cha kijiji ni mwezi ujao. Bibi ameniambia nisivae raba nyeupe. Kama yupo mtu wa Kibakwe anayesoma hapa na ana sababu ya kunipinga, asiniambie huku, aje aseme kikaoni mbele ya watu, na mimi nitakuwepo.